Google Calendar: hodari kwa miadi, dhaifu kwa orodha ya kazi

Google Calendar ipo tangu 2006, ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Google, na hutunza miadi vizuri kuliko daftari kwa sababu daftari halipigi kengele. Ila ukiitumia ilivyo bila kugusa mipangilio, utaichoka mapema.

Anza na muda. Tukio jipya huja na saa nzima hata kama ni simu ya dakika kumi, kwa hiyo kalenda hujaa kuliko siku yenyewe na mtu huacha kuiamini. Kwenye kompyuta, ingia mipangilio, shusha muda wa kawaida hadi dakika 30, kisha washa chaguo la kufupisha mikutano: wa dakika 30 utaisha dakika 5 mapema, mrefu zaidi dakika 10. Mwanya huo ndio wa kunywa maji na kuandika mlichokubaliana kabla hakijasahaulika.

Arifa ndiyo roho ya programu hii. Tukio moja hubeba hadi arifa 5, lakini mbili zilizopangwa kwa akili zinatosha kabisa. Chukua miadi ya daktari wa meno, saa nne asubuhi, safari ya dakika 40. Andika 10:00, ukiandika 4:00 kwa mazoea ya ulimi, simu italia kabla ya jogoo. Arifa ya kwanza iwe siku moja kabla, bado ukiwa na nafasi ya kuahirisha kwa heshima. Ya pili iwe dakika 75 kabla. Arifa ya dakika 10 kabla kwa safari ya dakika 40 inakutangazia tu kwamba umechelewa. Halafu ongeza tukio la pili, 9:15 hadi 10:00, uliite “njiani”. Safari isiyoandikwa huonekana kama nafasi tupu, na wewe mwenyewe ndiye utakayeijaza.

Arifa zikikawia au zisilie kwenye simu ya Android, chunguza kwanza kiokoa betri. Ingia mipangilio ya simu, fungua programu ya kalenda, sehemu ya betri, uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi.

Kwa matukio ya kujirudia, kuwa mwangalifu sana. Unapobadilisha moja utaulizwa: hili tu, hili na yanayofuata, au yote? Kipindi kikihama kutoka Jumatatu kwenda Jumanne, jibu sahihi ni la pili. “Yote” hugusa hata yaliyopita, na kumbukumbu ya mlikutana lini inavurugika. Ukifuta kwa bahati mbaya, fungua kalenda kwenye kompyuta uangalie tupio. Vilivyofutwa hukaa humo takriban siku 30.

Upande wa kazi za kufanya ndipo inaponiangusha. Unaweza kuweka nyota na kugawa kazi kubwa katika vipande, lakini hakuna ngazi za umuhimu. Kulipa bili na kununua balbu vinakaa safu moja, na kazi zilizopitwa na tarehe zinarundikana. Orodha ndefu iache kwenye karatasi au programu nyingine. Kila asubuhi hamisha kazi mbili au tatu tu kuja kwenye kalenda, kila moja na saa yake ya kuanza na ya kuisha.