Unataka skana ya redio huku visiwani? Soma kwanza kabla hujatoa pesa

Mdogo wangu mmoja wa Wete kanipigia juzi, kaka ninunue skana gani nisikilize meli na ndege, ana dola mia mfukoni, na suala hili nshaulizwa mara nyingi kwahivo naandika mara moja tu.

Kwanza tuelewane, skana ni redio ya kusikiliza inayozunguka masafa yenyewe mpaka imkute anayezungumza. Kule Uingereza wenye hobi hii zamani walisikiliza polisi, sikuhizi polisi wao wamehamia dijitali iliyofungwa husikii neno, ndo mana wazee wanalia skana imekufa. Sie raha yetu iko baharini na angani, na huko bado mambo ni yaleyale ya zamani: ndege wanazungumza kwa AM baina ya 118 na 137 MHz, vyombo vya baharini FM (AM na FM ni namna mbili za kubeba sauti kwenye mawimbi), na chaneli 16 yao ya kuitana na ya dharura ni 156.8. Kwahivo mashine ya bei kubwa ya nini?

Namba moja kwangu ni RTL-SDR Blog V4. Kidude cha USB kinachoigeuza simu kuwa redio, dola 40 hivi pamoja na antena, unakichomeka kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG (ule wa kuunganisha vitu vya USB na simu) unaweka programu basi, kinashika kuanzia 24 mpaka 1766 MHz na shotiwevu pia. Mie napanda nacho juu ya paa hapa Malindi ya Unguja, navuta kila mkono wa antena sentimita 48, naisimamisha wima (ukiilaza umejipunja mwenyewe), halafu namsikia nahodha wa boti ya asubuhi anaita bandarini na boti yenyewe bado siioni. Ukihamia 162 MHz na programu ya AIS (ishara ambazo meli zinajitangazia zenyewe), meli zinajitokeza kwenye ramani na majina yao na mwendo wao, hapo chai inapoa. Ila majahazi usiyangoje, wengi wao ni simu ya mkononi tu. Ubaya wake kinachemka kama pasi na chaji ya simu kinaila kweli.

Kama hutaki mambo ya simu, chukua Uniden UBC125XLT. Betri mbili ndogo za AA, nafasi 500 za kuhifadhi masafa, ndege na meli zote zimo, unaiweka barazani inazunguka yenyewe. Bei ndo inapita dola mia, mdogo wangu ataongeza kidogo.

Ya tatu Quansheng UV-K5, rahisi kuliko zote na ndege inazishika kwa AM, ajabu kwa bei ile. Lakini hii ni redio ya kurusha pia, na kitufe cha pembeni cha kusemea ni kesi nyengine, kinataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ukiwa na watoto nyumbani fikiria mara mbili.

Sasa Baofeng UV-5R, hii mie imenila. Muuzaji kaniapia inashika ndege, nimefika nyumbani nazungusha weee, kumbe inaanzia 136 na AM haina kabisa. Meli utasikia, ndege sahau. Na ile Uniden SDS100 ya dola mia sita na zaidi ni ya kufukuzia mitambo ya dijitali ya Marekani, ukiileta Chake utasikia mambo yaleyale ya kidude cha dola 40.

Na kama huna hata senti, fungua WebSDR (redio ya mtandaoni unayoizungusha mwenyewe) ya chuo kikuu cha Twente Uholanzi kwenye simu, shotiwevu bure, uone kama hobi inakuingia.

Jengine, popote utakapofunga antena nje, maungio yafunge tepu vizuri, ya kwangu ya mwanzo chumvi iliila ikawa kijani. Na kwa shotiwevu ngoja umeme ukatike, taa za LED na chaja za mtaa mzima zikizima utasikia dunia.