Majuma 12 ya Kijapani mjini Nyahururu: tathmini ya mkimbiaji aliyekwisha kwenda

Nimemaliza misimu 2 nikiikimbilia timu ya kampuni moja nchini Japani. Kabla ya kuondoka nilihudhuria darasa la Kijapani linalofundishwa jioni mjini Nyahururu, katika chumba kilicho juu ya duka la nguo, kwa ada ya shilingi 15,000 kwa majuma 12. Vijana kadhaa ninaofanya nao mazoezi wakati wa likizo wameniuliza kama fedha hizo hazipotei bure, nami nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja.

Njia hii si mpya. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983, akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome mwaka 1987. Samuel Wanjiru, ambaye alitoka huku huku kwetu, alipelekwa shule ya sekondari mjini Sendai mwaka 2002 akiwa kijana mdogo, na aliposhinda dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32, aliweza kuzungumza na wanahabari wa Kijapani kwa lugha yao. Kinachofanya lugha iwe ya lazima ni ekiden, yaani mbio za barabarani za kupokezana utepe uitwao tasuki, ambao mkimbiaji huuvaa begani na kumkabidhi mwenzake. Kila tarehe 1 Januari timu za makampuni hushindana mkoani Gunma kwa kilomita 100 zilizogawanywa kwa wakimbiaji 7, na kila timu huruhusiwa kumpanga mgeni mmoja tu. Kwa hiyo ukifika siku ya mashindano hutakuwa na Mkenya mwenzako wa kukunong'oneza jambo.

Darasa lenyewe lina sifa ambayo sijaiona kwingine. Mwalimu anajua kwamba Kiswahili na Kijapani vina irabu zile zile 5, na anajua pia mahali ambapo undugu huo unatuponza. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila kujijua, ilhali katika Kijapani kuvuta irabu hubadilisha maana. Alitufundisha kwa makofi: "obasan", yaani shangazi au mama wa makamo, hupigiwa makofi 4, na "obaasan", yaani nyanya, hupigiwa 5. Niliona ni mchezo wa chekechea, nikawa napiga makofi huku nawaza mazoezi ya kesho. Juma langu la kwanza bwenini nilimsalimu mama anayetupikia, ambaye umri wake haukuzidi miaka 50, nikakaza silabi kama nilivyozoea, nikamwita nyanya mbele ya timu nzima. Kosa hilo ni langu, si la darasa.

Somo la adabu nalo lilinifaa tangu siku ya kwanza. Tulifundishwa neno la kusema mazoezi yanapoanza na la kushukuru yanapokwisha, na tukaelezwa kuwa mkimbiaji aliyetangulia kujiunga na timu ni mkubwa wako, hata kama unamzidi kasi. Anayejua shikamoo hawezi kushindwa na jambo hilo. Mwalimu alitutahadharisha pia kwamba wengi wao, wakimaliza kukimbia, hugeuka na kuinamia njia waliyopita. Bila maelezo yake ningedhani wanasali.

Malalamiko yangu yanahusu kile kilichoachwa. Mifano yote ya darasa imetungwa kwa ajili ya mgeni anayenunua tiketi na kuuliza njia, wakati sisi tunakwenda kazini, na kazi yetu ni uwanja. Tulifundishwa kuhesabu vitu vyembamba na virefu kwa "ippon, nihon, sanbon", na mifano ilikuwa penseli, miavuli na chupa. Mwezi wangu wa kwanza Japani tulipewa kukimbia mita 1,000 mara 8. Baada ya mara ya 5 kocha alinitazama akasema, "Ato sanbon." Nikaenda mezani, nikachukua chupa 3 za maji, nikamletea. Alizipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kisha akanionyesha mstari wa kuanzia. Kumbe neno lile lile ndilo wanalotumia kuhesabia marudio ya mazoezi, na alikuwa akiniambia bado tatu.

Dakika nazo zina vituko vyake. Kwetu dakika ni dakika, iwe moja au nane. Kwao ni "ippun, nifun, sanpun, yonpun", na ya nane ni "happun". Darasani tulizipitia kwa jioni moja tu, tukiwa tumeketi na madaftari, lakini mimi nilitakiwa kuzitambua nikipita mbele ya saa ya kocha huku nikihema.

Jambo lililonigharimu zaidi, na ambalo ningependa mwalimu alirekebishe kabla ya mengine yote, ni lugha ya maumivu. Tulipewa neno moja, "itai", yaani inauma. Msimu wa pili shavu la mguu wa kushoto lilinisumbua, na mchuaji aliponibonyeza aliuliza kama ni "zukizuki" au "chikuchiku", nami nikaitikia yote mawili kwa adabu. Baadaye nilijifunza kwamba la kwanza ni maumivu yanayopwita na la pili ni ya kuchomachoma kama sindano, tofauti ambayo Kiswahili kinaieleza vizuri kabisa. Jibu langu lilinichelewesha kupona kwa majuma 2.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Anayetazamia kusafiri ajiandikishe, ila amwombe mwalimu jioni 2 za ziada kwa ajili ya dakika na maumivu, kwani nilipompigia simu hakukataa. Ajue pia kwamba kipindi huanza saa moja jioni na kwisha saa tatu, muda ambao mkimbiaji anapaswa kuwa kitandani. Somo la kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, hulipiwa kando, na linaweza kusubiri hadi mtu afike; kwa juma la kwanza inatosha kuitambua alama ya choo cha wanaume.