Koki ya shawa inavuja? Usivunje tailizi kwanza

Habari zenu, karibuni. Leo mezani nina vifungio viwili vya maji, cha mpira na cha kauri, na ukienda dukani ukasema tu "naomba cha kubadilisha kwenye koki ya shawa", unaweza kupewa chochote kati yake. Vyote ni vya ndani ya ile koki iliyozama ukutani, ambayo wewe mpangaji unaona mpini na sahani ya kung'aa, basi.

Kuna mafundi wakiikuta inadondosha wanakwambia tuvunje. Ngoja. Mwili wake wa shaba ulioko ukutani hauharibiki kirahisi. Kinachokufa ni hiki cha ndani, na kinatokea kwa mbele.

Funga maji kwenye tenki, fungulia shawa mpaka ikauke, halafu ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ikiingia humo ndiyo kwaheri. Chokonoa kizibo cha mpini kwa ncha ya kisu, skrubu iko chini yake. Ukitoa mpini na sahani, unaona nati: spana, taratibu, kinyume na saa.

Sasa tazameni hiki cha kwanza, cha mpira. Nikikizungusha kinapanda na kushuka, na huu mpira mweusi mwishoni ndio unaoziba maji. Ukilika unabadilisha mpira peke yake, kwa bei ya kutupa. Hiki cha pili ni cha kauri. Robo mzunguko tu, tii, kimefunga. Ndani mna visahani viwili vinavyosuguana. Tundu likikutana na tundu, maji yanapita.

Cha kauri ni kitamu mkononi, sikatai. Lakini nyumba nyingi za kupanga zinategemea tenki la juu, na kila mita moja ya kimo inakupa presha ya ba 0.1 hivi (ba ni kipimo cha presha). Tenki likiwa mita tatu juu ya shawa, una ba 0.3, halafu unayapitisha maji hayo kwenye vitundu vidogo vile! Na kama ni maji ya kisima yenye mchanga, visahani vitachubuka. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi nachukua mpira. Kauri mpe mwenye pampu na maji safi.

Dukani nenda na kile cha zamani mkononi. Linganisha nyuzi za kukazia, urefu, na haya meno ya kichwani: kuna vya meno 20 na vya meno 24, na visipolingana mpini haukai. Kama yako ni mikisa, yaani koki ya kuchanganya maji moto na baridi, ya mpini mmoja, pima upana wa katriji, kile kifungio chake cha ndani. Za milimita 35 na 40 ndizo utakazokutana nazo sana, na hazibadilishani.

Kabla ya kufunga kipya, pitisha kidole ndani pale mpira unapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, mpira mpya nao utavuja. Fundi asage pale kwanza. Kisha fungulia maji kidogo yatoe uchafu.

Mwenye nyumba mtumie video kabla hujagusa kitu, mkubaliane gharama zikatwe kwenye kodi, na risiti utunze. Matone machache baada ya kufunga ni maji yaliyobaki kwenye bomba. Ila ukuta ukiwa unalowa na shawa imefungwa, hapo tatizo ni bomba la ndani. Hiyo nyundo ni ya mwenye nyumba.