Plains of Oblivion ya Jeff Loomis: gitaa peke yake, na gitaa lenye mwimbaji

Kwa sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, gitaa la solo kusema bila mwimbaji si jambo geni. Mwimbaji akimaliza beti zake, sebene linaingia na mpiga solo anashika usukani. Ndiyo maana huwa nashangaa mtu akiniambia hevi metali isiyo na maneno ni kelele tu. Albamu hii nimekaa nayo muda mrefu, nyumbani Majengo hapa Moshi na kwenye Coaster za kwenda Arusha, na naipenda kiasi cha kutaka wengine nao waisikie.

Jeff Loomis ni Mmarekani, wengi walimjua akiwa na bendi ya Nevermore ya Seattle. Alitoka humo 2011, mwaka uliofuata akatoa hii, albamu yake ya pili akiwa peke yake. Nyimbo ziko 10: saba ni ala tupu, tatu zina waimbaji. Gitaa lake ni la nyuzi saba. Uzi huo wa ziada una sauti nzito kuliko uzi mnene wa gitaa la kawaida, ndiyo maana rithimu zake zinakita hadi kifuani.

"Mercurial" ndiyo inayofungua, mgeni wake ni mpiga gitaa Marty Friedman. Hapo pana kisa: Loomis akiwa na miaka 16 alikwenda kujaribiwa na bendi ya Megadeth, akaonekana bado mdogo, na nafasi hiyo baadaye akaipata Friedman. Leo wako kwenye wimbo mmoja, na masikio yanawatofautisha mara moja. Loomis anamwaga noti mfululizo, kila moja safi, hakuna inayomezwa. Friedman yeye anauvuta uzi: noti inaanzia chini kidogo ya pale inapotakiwa, inapanda polepole, inatetemeka, ndipo inatulia. Mimi napiga solo kwenye kwaya ya kanisani, na mvuto ule nimeuhangaikia sana; vidole vinajua pa kufika, ila ile safari ya kufika ndiyo ngumu.

Sasa nyimbo za kuimbwa, ambazo kwangu ndizo moyo wa albamu. "Tragedy and Harmony" anaimba Christine Rhoades, mama yule yule aliyesikika na Nevermore mwaka 1999 kwenye albamu yao Dreaming Neon Black. Sauti yake ni ya wazi, haipigani na magitaa. Na Loomis anampisha! Anakaa chini yake na rithimu, anangoja mstari uishe, ndipo anachomeka jibu. Solo ikija, njia imeshatengenezwa, na wewe msikilizaji unajua inalilia nini. Nilimsikilizisha mwalimu wetu wa kwaya, mtu asiyetaka kabisa muziki wa fujo. Alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akasema, "Kijana, huyu mpiga gitaa ana adabu. Anamsubiri mwenzake." Rhoades anarudi tena kwenye "Chosen Time", nayo ni nzuri vile vile.

"Surrender" ni habari nyingine. Ihsahn wa Norwei, yule wa bendi ya Emperor, anaimba kwa sauti ya kukwaruza koo, na hapo sauti ya mtu inageuka ala mojawapo katikati ya ala. Kama hujawahi kusikia uimbaji wa namna hiyo, iache ya mwisho.

Isiyonikaa ni "Escape Velocity". Mkono wake nauheshimu, lakini kasi imezidi wimbo. Ukiisha sibaki na kitu cha kuimba kimoyomoyo. Linganisha na "Continuum Drift", yenye mpiga gitaa Chris Poland, naye aliwahi kuwa Megadeth. Poland ana sauti laini, inateleza, na ile mimi naweza kuivumisha kwa mdomo nikiwa natembea kwenda Kiborloni. "Rapture" ni gitaa kavu, inakupumzisha kabla hujamaliza.

Tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu. Uzi wa saba unapotea kabisa, unabaki na mchakacho wa juu ambao kweli ni kelele. Hata hedifoni za bei ya chee nilizonunua stendi ziliila besi yote. Tafuta nzuri, pakua nyimbo kabisa ukiwa kwenye waifai badala ya kula bando, maana pale katikati ya Boma Ng'ombe na Usa River nimeshakatiwa wimbo kwenye solo. Na ndani ya Coaster yenye singeli kwa sauti kubwa, sahau; panda ile ya kimya au subiri ufike.

Anayeanza aanze na "Tragedy and Harmony", aende "Continuum Drift", kisha "Mercurial". Asiyetaka mwimbaji kabisa aitafute Zero Order Phase, albamu yake ya kwanza ya 2008, hiyo ni ala tupu mwanzo hadi mwisho, na mikono ni ile ile. Mimi nimezisikiliza zote mbili na nabaki na hii, kwa sababu ya zile nyimbo mbili za Rhoades.