Nani bora zaidi katika tenisi ya wanawake: Steffi Graf au Serena Williams?
Kwa mataji makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, Serena anaongoza kwa moja tu: 23 dhidi ya 22. Ila tazama yalivyogawanyika. Graf alitwaa kila moja ya mashindano manne makubwa angalau mara 4. Serena alisumbuliwa na Paris (French Open, inayochezwa kwenye uwanja wa udongo), akaambulia mara 3: udongo hupunguza kasi ya mpira, hivyo pigo lake la kuanzisha, silaha yake kuu, hupungua makali. Mwaka 1988 Graf alibeba yote manne na dhahabu ya Olimpiki Seoul.

Kwa kudumu, Serena hana mjadala: taji la kwanza 1999, la mwisho 2017, tena akiwa mjamzito! Ongeza mataji makubwa 14 ya wawili wawili pamoja na dada yake Venus. Kwa ubora wa kila uwanja, namchagua Graf.