Spika za kujitengenezea: wufa gani, twita gani na krosova ipi kwa nyumba za Unguja na Pemba

Wufa ni spika kubwa ya besi, twita ni ndogo ya sauti nyembamba, na krosova ni kigawio kinachompa kila mmoja sehemu yake ya sauti. Anayetaka kujiundia spika huingia dukani, Darajani au Kariakoo ya Dar, na swali moja: "Hii wati ngapi?" Hilo liwe swali la mwisho. Wati za kwenye boksi huandikwa ili boksi liuzike. Namba za kudai ni omu (ukinzani wa spika kwa umeme), desibeli (ukelele wake) kwa wati 1 ukiwa mita 1, na vile vipimo vilivyopewa jina la wahandisi Neville Thiele na Richard Small, khasa Fs (hezi ambapo spika hutikisika yenyewe) na Qts (namna mtikisiko huo unavyozuiwa). Muuzaji akiwa hana karatasi yenye namba hizo, tafuta modeli nyengine yenye karatasi. Bila hizo boksi lako utalipima kwa macho, na boksi la kupima kwa macho huvuma.

Kabla ya kununua, tizama chumba. Dari za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka mbali, ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita 3 hivi hata vikiwa virefu sana. Sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo upana huo huivimbisha besi iliyo karibu na hezi 57. Ukuta mnene wa mawe na chokaa hauinywi besi, unairudisha. Tia humo wufa ya inchi 12, ugali wote wa sauti utaganda hapo hapo na mwimbaji atafunikwa. Nyumba ya tofali na bati, kama nyingi za Wete na Chake Chake, huiachia besi ipite paani na madirishani, na hapo inchi 8 haina ubaya.

Nafasi ya kwanza: wufa ya inchi 6.5, twita ya kitambaa ya inchi 1, krosova ya kujitengenezea

Hii ndiyo ninayomshauri kila mtu. Koni ya inchi 6.5 ina kipenyo cha kazi cha sentimita 13 hivi, na huitawanya sauti vizuri mpaka karibu na kilohezi 2.6. Ikipita hapo inaanza kuielekeza mbele tu kama tochi. Twita ya inchi 1 yenye Fs ya chini ya hezi 1,200 unaweza kuianzisha kwenye kilohezi 2.5 au 3, maana kanuni nzuri ni kutoishusha chini ya mara mbili ya Fs yake. Basi hawa wawili wanakutana pahala ambapo kila mmoja bado yuko sawa. Kwa msikilizaji wa taarabu jambo hili ni kubwa. Waya mnene wa fidla hupiga hezi 196, uimbaji wenyewe uko juu kidogo ya hapo, lakini herufi zinazofanya shairi lieleweke, s, t, k, sh, ziko kwenye kilohezi 2 na kuendelea. Krosova mbovu inaliharibu neno, na taarabu bila maneno imebaki nini?

Ukiishika wufa mkononi, angalia kwanza ukingo unaoshika koni. Chukua wa mpira. Wa sponji unalika kwa joto na unyevu wetu mpaka unapukutika ukiugusa. Koni iwe ya plastiki ya polipropilini au karatasi iliyopakwa, karatasi tupu inanyonya unyevu wa masika. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ikikwaruza, rudisha. Kisha weka mita ya kupimia omu: spika ya omu 8 isome kiasi cha omu 6, ya omu 4 isome 3 na kitu. Ikisoma mbali na hapo, maandishi ya nyuma yamedanganya au koili ya ndani ya spika imeungua.

Krosova sasa. Mimi naipenda ya Linkwitz-Riley ya daraja la pili, yaani yenye kapasita moja na koili moja kwa kila spika, kutoka kazi ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley ya 1976. Kwa omu 8 na kilohezi 3 unahitaji kapasita ya maikrofaradi 3.3 na koili ya milihenri 0.85 kwa twita, na vitu viwili kama hivyo hivyo kwa wufa, vikibadilishana nafasi. Kwa twita, kapasita iko njiani na koili inalala kati ya chanya na hasi. Kwa wufa, koili iko njiani na kapasita inalala. Nyaya za twita zigeuze, chanya iende hasi, la sivyo sauti ya katikati itapotea pale zinapokutana.

Hesabu hiyo inaichukulia wufa kuwa omu 8 masafa yote, nayo siyo. Koili yake ya ndani huzipandisha omu hizo kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Dawa yake ni rezista ya omu 7.5 na kapasita ya maikrofaradi 10 zikifuatana, zikalazwa kwenye miguu ya wufa yenyewe. Namba hizo zinafaa ikiwa koili ya ndani ni milihenri 0.5 hivi. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba twita ni kali.

Na twita mara nyingi huwa kali kweli. Yake ikiwa desibeli 91 na wufa 87, ipunguze desibeli 4: rezista ya omu 3 njiani baada ya krosova, na ya omu 14 au 15 ikilala kwenye miguu ya twita. Chukua zile nyeupe za saruji, za wati 10.

Koili huna haja ya kuagiza. Fundi anayesuka mota ana waya wa shaba uliopakwa vanishi. Mpe kipande cha bomba la plastiki, waya wa milimita 1, na mpime pamoja kwa mita yenye kusoma henri. Zikiwa mbili kwenye ubao mmoja, moja ilale na nyengine isimame, mbali mbali. Kapasita ziwe za filamu. Ukizikosa, chukua mbili za kawaida, zile zenye chanya na hasi, za maikrofaradi 6.8, uziunge hasi kwa hasi, utapata 3.4.

Nafasi ya pili: spika moja ya masafa yote, inchi 3 au 4

Haina krosova, kwa hiyo hakuna cha kukosea pale penye maneno. Udi na sauti ya mtu hutoka safi ajabu. Besi ni ndogo na haistahamili makelele. Kwa chumba cha kulala au meza ya kusomea, sitafuti zaidi.

Nafasi ya tatu: seti ya gari

Boksi moja lina wufa, twita na krosova zilizopangwa pamoja na kiwanda, za omu 4. Ni chaguo zuri kwa anayetumia sola na betri ya volti 12, kwa sababu amplifaya ya volti hizo hutoa wati 15 mpaka 20 tu kwa omu 4. Hapo desibeli ni mali: spika iliyo chini kwa desibeli 3 inataka wati mara mbili kwa ukelele ule ule. Kumbuka kwamba wufa hizi zimekusudiwa mlango wa gari na Qts yake mara nyingi iko juu, hivyo boksi liwe kubwa na lizibwe, bila tundu.

Nafasi ya nne: inchi 12 na honi

Ya uwanjani, kwa harusi na maulidi. Inchi 12 inaanza kuelekeza sauti kwenye kilohezi 1.3, na twita ndogo haiwezi kushuka mpaka huko, kwa hiyo waliokaa pembeni hawasikii maneno. Honi yenye draiva kubwa (kile kitoa sauti kilicho nyuma yake) ndiyo inayoweza.

Ya mwisho: njia tatu (besi, katikati na nyembamba) kwa krosova ya dukani na twita za piezo, zisizo na koili wala sumaku

Ubao wa krosova uliotengenezwa bila kujua spika zako ni zipi hauwezi kuzitosha. Koili zake huwa nyembamba na twita za piezo zinachoma masikio. Pesa hiyo hiyo inanunua jozi nzuri ya namba moja.

Boksi litengeneze kwa plaiwudi ya milimita 18. Mbao za unga wa kushindiliwa zinavimba kwenye kingo zikipata unyevu.

Pesa ikiwa haitoshi kwa mara moja, nunua wufa na twita, uitie twita kapasita moja ya 3.3 peke yake. Hapo itaanzia kilohezi 6, iko salama, na utasikiliza huku ukikusanya. Ukipata koili na vilivyobaki, kapasita hiyo hiyo inaingia kwenye krosova kamili.