Chujio la RO na ule unga wa kahawia: miezi minane nikiwa nalo Kigoma

Chujio hili la RO, yaani linalosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando unaozuia vilivyoyeyuka ndani yake, nililinunua kwa hasira. Tangi langu la samaki la maji chumvi, lita 120, lilikuwa na wiki tatu tu tangu nilijaze. Mchanga uliokuwa mweupe kama sembe ukaanza kupata madoa, na kabla wiki haijaisha wote ulikuwa kama umemwagiwa chai ya rangi. Nafuta leo, kesho unga ule wa kahawia umerudi. Jirani yangu wa hapa Gungu, mzee anayefanya kazi mwaloni Kibirizi, alichungulia akacheka: "Mwanangu, ziwa lote lile pale chini, wewe unanunua chumvi ili ufuge samaki?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kabla ya chujio nilishatupa hela kwenye chupa ya dawa ya kuua mwani, iliyokuja na basi kutoka Dar. Nikamwaga kwanza, lebo nikasoma baadaye. Ndani mna shaba. Shaba ni sumu kwa konokono, kamba na jamii yao yote, na kati ya konokono wangu sita, wanne walikutwa asubuhi wameanguka chini, hawashiki kioo tena. Unga wa kahawia ulikuwepo palepale, hauna habari.

Ndipo nikatulia na kujifunza ninapambana na nini. Unga ule ni diatomu, vijimea vya chembe moja vinavyojijengea ganda la silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo. Ukiupitishia kidole unatimka kama vumbi. Kama wako unavutika kama makamasi na una viputo vya hewa, hiyo ni shida nyingine, na maelezo yangu hayatakufaa.

Watu wengi wakiona hivyo wanalaumu mchanga. Wangu ni wa ufukweni hapahapa ziwani, nimeuosha ndoo kwa ndoo, kwa hiyo nami nilikaribia kuung'oa wote. Lakini chembe za mchanga wa namna ile huyeyuka polepole mno. Mchawi wangu alikuwa maji. Nyumba tuliyopanga inatumia kisima kirefu, na maji yaliyokaa ardhini katikati ya miamba hutoka na silika iliyokwisha kuyeyuka. Halafu kuna joto. Tangi langu hupungua karibu lita mbili kwa siku, na kinachopaa ni maji matupu. Yaliyomo yote hubaki. Kila nilipojazia kwa maji ya kisima nilikuwa nawaongezea diatomu chakula, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Chujio lenyewe lina hatua nne: la tope, la mkaa, utando wa RO, na mwisho kopo la resini, punje za kunasa kilichoponyoka kwenye utando. Limenigharimu laki tatu na ushee. Kufunga ni rahisi, dogo wa nyumbani alinisaidia kwa nusu saa. Kilichoniudhi ni jambo ambalo muuzaji hakulitaja hata kidogo: presha. Utando unataka kama psi 50 (psi ni kizio cha presha). Simtanki letu liko juu ya mnara wa mita nne, na mita kumi za kimo hukupa psi 14 tu, hebu piga hesabu. Siku ya kwanza yalitoka matone, kama mtu analia kwa aibu. Ikabidi niagize pampu ya kuongeza presha, hela nyingine, kungoja kwingine, na umeme ukikatika kazi inalala. Sasa kwa kila ndoo moja safi zinatoka ndoo tatu za kutupa. Hatuzitupi, tunadekia na kumwagilia.

Je, liliondoa unga? Baada ya wiki tatu za kujazia maji ya chujio, mchanga ulirudi weupe wake. Ila sikuthubutu kulisifia, maana tangi jipya mara nyingi hupitia hali hii na kutoka lenyewe silika ikiisha. Pengine ningekaa tu na kusubiri, ningepata matokeo yaleyale bure.

Mwezi wa sita wa kulitumia ndio ulionijibu. Kahawia ilirudi kwenye kona ya mbele. Kipimo cha TDS, kile cha kupima vilivyoyeyuka majini, kilisoma 2, maji mazuri kabisa. Nilihangaika siku nne nikilaumu taa, nikilaumu chakula cha samaki. Kumbe resini ilikuwa inaelekea kuisha, na silika ndiyo hutangulia kuponyoka. Kipimo kile hupima chembe zenye chaji ya umeme, na silika karibu haina, kwa hiyo inapita bila kuonekana. Nilibadilisha resini tu, kingine chochote sikukigusa. Wiki ya pili kona ilikuwa safi.

Kwa hiyo chujio nalipatia nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya pampu. Ukinunua, agiza pampu na resini ya akiba siku hiyohiyo, na ukiona kahawia usikiamini kipimo, badilisha resini.

Mzee wa Kibirizi siku hizi hupita jioni na dumu lake kuchota yale maji ya kutupa kwa ajili ya mchicha wake. Tangi hata halitazami.